Mwaka wa Gurudumu

Kabla hujaniuliza, ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule mwanamke wa kwenye redio. Watu wakinitambua dukani hunong'onezana kwanza, kisha mmoja hujipa moyo akaja kuniuliza kama ni kweli, nami humwambia ni kweli tupu, na kama ana la kusema aseme. Wengi huondoka. Nina hasira za karibu, sijawahi kuficha hilo, lakini hasira ninayotaka kukusimulia si ya karibu hata kidogo. Niliitunza miaka kumi na minane.

Mbio zetu ni za saa kumi na mbili. Gari moja, madereva wawili wanapokezana, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Watu wa mbio hizi hawataji miaka kwa tarakimu. Husema mwaka wa ukungu, magari yalipozunguka saa nzima kila moja likifuata taa nyekundu za lililo mbele. Husema mwaka wa kijiko, mkono wa gia ulipovunjika, mafundi wakafunga kijiko cha kupakulia wali kwa waya, na gari likamaliza. Husema mwaka wa miguu mitupu, viatu vya dereva vilipoyeyuka kwenye pedali. Na husema mwaka wa gurudumu. Hapo kwenye gurudumu watu hucheka, na mimi ndipo nilipojifunza kuuma meno, kwa sababu mwaka wa gurudumu ni mwaka wa baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa magurudumu, na gurudumu la gari lile lilikuwa na nati tano. Sheria ya kazi ni moja na haijabadilika: gari likiingia bandani kubadilishwa tairi, dereva haondoki mpaka fundi ainuke na kunyoosha mkono juu. Mkono ukiwa chini, gari limesimama, hata kama banda linaungua. Mwaka ule baba alikuwa amekaza nati tatu, ameinama anaifuata ya nne, gari likamtoka mikononi. Kona ya pili gurudumu likachomoka, likaruka uzio, likamvunja mguu mshika bendera mmoja. Waamuzi walipomuuliza dereva, akasema fundi aliinua mkono. Baba akasema hakuinua. Picha hakuna. Dereva alikuwa kipenzi cha watu, kijana wa miaka thelathini na mbili anayeitwa Kipanga, na baba alikuwa mtu mwenye grisi kwenye kucha. Hebu niambie wewe, nani angeaminiwa?

Jioni ile ile unga ukamwagika. Baba akafukuzwa na jina akapewa: Nati Tatu. Nilikuwa na miaka tisa. Darasani nilikuta duara tatu zimechorwa kwa chaki juu ya dawati langu, na nilimpiga aliyechora mpaka mwalimu akaja kunitoa juu yake, kumbe hata hakuwa yeye. Sikumwomba msamaha. Alikuwa amecheka, ilitosha.

Baba akaanza kutengeneza baiskeli kwenye baraza ya duka la jirani. Kila siku hakukosa mtu wa kumtania. "Fundi, umekaza zote lakini?" Na baba alikuwa anacheka nao. Alikuwa anacheka, anafuta mikono kwenye suruali, anasema, "Hesabu mwenyewe." Kile kicheko ndicho kilichonikaa rohoni. Angetukana, angerusha spana, ningelala vizuri zaidi.

Na kila mwaka siku ya mbio, mchana magari yanapozunguka tu na hakuna jipya, mtangazaji huwafurahisha watu kwa kipindi chake cha matukio ya kukumbukwa. Ukungu, kijiko, miguu mitupu, halafu kwa sauti ya kuchezea: "Na nani amemsahau fundi aliyehesabu tatu akadhani tano!" Uwanja mzima hoi kwa kicheko. Wamecheka miaka kumi na minane. Watu waliokuwa hawajazaliwa mwaka ule nao wanacheka.

Nilisomea umeme wa magari. Nilipokuwa na miaka ishirini na minne nikasikia timu ya Kipanga inatafuta fundi umeme, nikaenda, nikapata. Nilikwenda kwa ajili yake, sitakudanganya. Alikuwa na mvi sasa na tumbo kidogo, lakini bado dereva hasa. Hakunijua. Aliniita mdogo wangu, akaniletea chai siku nikiwa chini ya gari, akaniuliza habari za wazazi. "Hawajambo," nikamwambia, na chai nikainywa. Miaka mitatu nikamchekea. Nilikuwa nataka nini hasa? Nilitaka aseme. Nilitaka neno moja litoke kinywani mwake mahali ambapo watu wote wanasikia, na nilikuwa sijui nitalitoaje.

Sasa sikiliza jinsi nilivyolipata, maana sikulipanga.

Ijumaa, siku ya mazoezi, gari letu lilishika moto kidogo chini ya dashibodi. Wayaringi yote ya umeme ikaharibika. Jumamosi kutwa nililala chali mle ndani nikiunda sanduku jipya la umeme. Sanduku lile lina rilei ishirini na nne, vile vidude vyeusi vya mraba vinavyowasha na kuzima kila kitu: pampu ya mafuta, taa, honi, waipa, kompyuta ya injini. Vyote vinafanana. Fundi mwenye akili huandika alama juu ya kila kimoja. Mimi nilisema nitaandika nikimaliza, nilipomaliza nilikuwa hoi kwa uchovu, nikasema nitaandika kesho, na kesho ikawa siku ya mbio. Ni uzembe, najua. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemfukuza. Ramani ya sanduku lile ikabaki kichwani mwangu tu.

Jumapili tukaanza. Timu yetu ilikuwa na watu tisa bandani pamoja na mkuu wetu, mama mmoja mnene, mkali, tuliyemwita Madamu. Dereva wa pili alikuwa dada wa miaka ishirini na sita, jina lake la kazini Kimya, kwa sababu ukimsalimia anaitikia kwa nyusi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenye mbio za saa kumi na mbili. Kipanga aliendesha asubuhi, mgongo ukamkaza, akamwachia Kimya. Yule binti akaendesha saa tano kati ya saa kumi na mbili, jua la mchana kutwa, ndani ya gari lenye joto la tanuri, na hakugusa hata ukingo wa barabara. Aliposhuka alishindwa kufungua vidole. Madamu alimfungua kimoja kimoja huku anamwita mwanangu, na mimi sijawahi kumsikia Madamu akimwita mtu yeyote hivyo.

Tulikuwa wa pili. Hesabu ya msimu ilikuwa hivi: hatukuhitaji kushinda. Tulihitaji kuvuka mstari tu, hata tukiwa wa mwisho, pointi zingetutosha kuchukua kombe la mwaka. Na kuvuka kuna sheria yake. Saa ikifika kumi na mbili jioni bendera inashuka, na kila gari lina dakika tano za kuja kuvuka kwa injini yake lenyewe. Likichelewa halihesabiwi. Saa zote kumi na mbili zinafutwa, mnaandikwa hamkumaliza.

Kipanga alirudi kwenye gari saa moja ya mwisho. Zikiwa zimebaki dakika arobaini, sauti yake ikaja redioni: "Imezima. Niko kona ya saba. Injini inazunguka lakini haishiki."

Nilijua papo hapo. Rilei ya pampu ya mafuta imekufa. Dawa yake ni nyepesi: unachomoa rilei ya honi, unaichomeka mahali pa ile ya pampu, unawasha, unakwenda zako. Dakika tano, sita ukiwa na mikono mizito. Ila gari likisimama nje ya banda, haruhusiwi mtu mwingine kuligusa isipokuwa dereva aliye ndani yake. Sisi tunaruhusiwa kuzungumza naye tu, kwa redio. Na ukichomoa ile ya kompyuta kwa makosa, gari linajifunga, haliwaki tena mpaka liunganishwe na mashine ya bandani.

Madamu akanivua kofia, akanivika vipokea sauti vya masikioni. "Mwambie ni kipi. Haraka."

Nikashika kitufe. Sasa elewa jambo moja. Kwenye uwanja wetu redio za timu ziko wazi. Kukiwa na sinema, mtangazaji huiweka kwenye vipaza sauti, na kwenye matangazo yanayokwenda mpaka majumbani. Gari linalowania kombe limekufa kona ya saba, ni sinema gani inayozidi hiyo? Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikivuma jukwaani nilipokohoa. Nikajua kwamba siku yangu imefika, imekuja na miguu yake.

"Kipanga," nikasema, "umefungua sanduku?"

"Nimefungua, mdogo wangu. Viko vyeusi tupu humu. Ni kipi?"

"Nitakwambia. Kwanza nijibu. Mwaka wa gurudumu, yule fundi aliinua mkono?"

"Unasemaje?"

"Umenisikia. Nati zilikuwa tatu. Fundi aliinua mkono au hakuinua?"

Madamu alinishika bega akanigeuza. Macho yamemtoka. "Wewe una wazimu? Mwambie ni kipi!"

"Nitamwambia akinijibu."

"Nitakufukuza kazi sasa hivi!"

"Nifukuze, Madamu. Ni ishirini na vinne, na anayejua kipi ni kipi ni mimi peke yangu. Nifukuze halafu uende ukamwambie wewe."

Akanivua vile vya masikioni, akajaribu mwenyewe. Akamwambia Kipanga ajaribu chochote cha juu kulia. Taa zote za gari zikazima. Kipanga akakirudisha huku anatukana, na matusi yale yakapita kwenye vipaza sauti yote bila kuchujwa. Madamu akanirudishia. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Mimi ni binti wa yule fundi," nikasema redioni, ili mambo yawe wazi. "Yule uliyekuwa unaniuliza habari zake ukiniletea chai. Hajambo. Anatengeneza baiskeli."

Kipanga akazima redio. Dakika ishirini nzima alizima. Kwenye televisheni ya bandani tukamwona ameketi juu ya uzio wa kona ya saba, helmeti miguuni, anakodolea lile gari. Kimya alikuwa amesimama nyuma yangu, taulo lenye barafu mikononi. Mafundi wengine walikuwa wananitazama kwa jicho ambalo sikulijali. Nilikuwa nimetulia kabisa. Huo ndio ukweli, na nikisema vinginevyo nitakuwa muongo. Sijawahi kutulia vile maishani mwangu.

Redio ikarudi. "Mdogo wangu," akasema, "hii tutazungumza jioni. Mimi na wewe na mzee wako. Nakuomba."

"Jioni hakuna kipaza sauti."

"Kuna watu hapo bandani wamefanya kazi kutwa."

"Baba naye alifanya kazi kutwa. Aliinua mkono?"

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja bendera kushuka. Kisha akasema, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine kabisa, ndogo, imekauka: "Hakuinua."

"Sema yote."

"Hakuinua mkono. Nilimwona kwenye kioo, ameinama. Niliona jamaa wa nyuma yetu anaingia kutupita, nikaondoka. Niliondoka mwenyewe. Yeye hakukosea kitu."

Uwanja mzima ulinyamaza. Watu elfu kadhaa, na ukasikia magari peke yake yakipita kama nyuki. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Miaka kumi na minane! Nikamwona baba barazani anafuta mikono kwenye suruali. Na badala ya kutosheka, nikaona kiu ndiyo kwanza inaanza.

"Rudia," nikasema.

"Nimeshasema!"

"Waliocheka ni wengi, na wengine ni viziwi. Rudia."

Akarudia. Nikamwambia aseme tena, safari hii aseme pia mshika bendera alivunjwa mguu na nani. Akasema. Nikamwambia aseme baba yangu alikuwa fundi wa namna gani. Akasema alikuwa fundi bora kuliko wote aliowahi kufanya nao kazi, akaanza kulia, mwanaume wa miaka hamsini analia kwenye vipaza sauti, na mimi kilio chake nilikinywa kama maji. Nikamwacha alie. Nikamwambia, "Rudia, sikukusikia vizuri." Nilikuwa nimemsikia.

Kimya ndiye aliyenigusa mkono. "Dada," akasema. Nikatazama saa ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika nne bendera kushuka.

Basi nikamwambia. Mstari wa chini, cha tatu kutoka kulia, kichomoe, kiweke mahali pa kile cha mstari wa juu, cha mwisho kushoto. Kikamponyoka, kikaanguka chini ya kiti, akakitafuta kwa kupapasa. Bendera ikashuka bado anapapasa. Akakipata. Injini ikashika. Akajifunga mikanda, na lazima ujifunge, waamuzi wanaona. Kutoka kona ya saba mpaka mstarini ni dakika mbili na nusu kwa gari zima, na yeye aliliendesha lile gari kama mtu anayekimbia mauti. Tulimwona anatokea kona ya mwisho, taa zimewaka. Sote tulitoka bandani tukapiga kelele, mimi pia, nilipiga kelele mpaka koo likaniuma, utadhani si mimi niliyemweka kule.

Alichelewa sekunde arobaini.

Hakuna aliyenipiga. Ningependa mtu anipige. Madamu aliingia ndani ya chumba chake kidogo cha mbao akafunga mlango. Mafundi wakaanza kukusanya jeki na mipira ya upepo. Kimya alikuja akasimama mbele yangu, vidole vyake vimefungwa bandeji.

"Alipokiri mara ya kwanza ulikuwa na dakika kumi na moja," akasema. "Nilikuwa naangalia saa."

"Hujui alichomfanyia baba yangu."

"Sasa najua. Uwanja mzima unajua." Akatazama vidole vyake. "Mimi nilikukosea lini, dada?"

Nikamjibu ovyo. Nilimwambia yeye bado mdogo, makombe yapo mengi, sijui nini na nini. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaenda kuwasaidia wenzake kubeba tairi, kwa vidole vile vile.

Nilikwenda nyumbani kwa wazazi nikiwa bado na ovaroli. Njiani nilijiambia Kimya ataelewa siku moja. Nilijiambia nimemaliza kazi niliyozaliwa nayo. Nilipofika, ua ulikuwa umejaa watu. Walikuwa wamesikia. Wale wale wa "umekaza zote lakini" walikuwa wamepanga foleni kumshika baba mkono, na mmoja alikuwa anasema kwa sauti kwamba yeye tangu mwanzo hakuamini. Nikamwambia, "Ondoka, mnafiki mkubwa," akaondoka. Mama alinikumbatia mlangoni, akanishika mashavu, akawa anaeleza jambo ambalo halikueleweka kwa kilio. Nilicheka. Nilikuwa na furaha, usinielewe vibaya. Nilikuwa nimejaa mpaka hapa kooni.

Baba alikuwa ameketi ndani, redio yake ndogo mezani. Kumbe mbio zile hajaacha kuzisikiliza hata mwaka mmoja, na mimi nilidhani humo ndani siku hiyo analala. Watu walipotoka akaniita nikae.

"Sahani yako mama yako kaifunika," akasema. "Lile gari lilikuwa na kasoro gani?"

"Rilei ya pampu ya mafuta, baba."

"Dawa yake?"

"Unahamisha ya honi."

"Dakika ngapi?"

"Tano. Sita."

"Na kutoka kona ya saba mpaka mstarini?"

"Mbili na nusu."

Akatazama meza. Nilijua anachofanya, nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote, anahesabu bila kusogeza midomo. Nikaharakisha kusema, "Baba, alikiri. Ulimsikia? Mara nne nimemfanya aseme. Hakuna atakayekuita tena lile jina."

"Nilimsikia. Mara ya kwanza nilisimama." Akaigusa redio. "Nilisimama hapa hapa, mama yako shahidi. Halafu nikangoja umwambie ni kipi. Nikangoja, mwanangu. Nikawa naiambia redio, mwambie, mwambie sasa."

"Alistahili."

"Yeye, ndiyo. Bandani mlikuwa wangapi?"

"Tisa. Na yule dereva mwingine."

"Yule binti wa mchana," akasema. "Saa tano. Mtangazaji alisema hajawahi kuona mkono kama ule."

Mama aliingia, akatuangalia, akatoka tena. Aliporudi alisimama tu kwenye mlango, akaanza kunisimulia jambo ambalo hakuwahi kuniambia: kwamba wiki ile baba alipofukuzwa, timu ilimletea karatasi nyumbani. Iliandikwa kwamba anakiri kosa na anaomba radhi. Aweke sahihi tu, arudi kazini Jumatatu. Watoto wanne, nyumba ya kupanga, na baba akaikataa. "Alisema hawezi kuomba radhi kwa kazi ambayo hakuikosea," mama akasema. "Nilimlilia usiku na mchana. Hakuiweka." Alikuwa anasimulia kwa majivuno, maskini, alidhani ndiyo siku ya kuyasema hayo. Baba hakumtazama.

"Una namba ya mkuu wenu?" akaniuliza.

"Ya nini, baba?"

"Una namba yake?"

Nikampa simu. Nilidhani anataka kudai haki yake, na nikafurahi tena kidogo, mjinga mimi. Baba akasimama. Akafunga kifungo cha juu cha shati, kana kwamba yule mama angeweza kumwona. Madamu alipopokea, sauti yake ilisikika hadi nilipoketi, pua imemziba kwa kulia, na baba alipojitambulisha yeye ndiye aliyeanza. Alimwambia pole. Alimwambia timu nzima inamwomba radhi kwa yale ya miaka ile, na jina lake litasafishwa kwa maandishi. Maneno yote niliyokuwa nimeyangoja tangu nina miaka tisa yalikuwa yanatoka kwenye simu ile, na baba akayaacha yaishe.

"Nashukuru, mama," akasema. "Lakini sikupiga kwa ajili ya hayo. Mimi naomba radhi. Ni mwanangu, nimemlea mimi, na gari lenu lingevuka mstari."

Nilisimama nimpokonye simu. Mama akanishika mkono. Baba alikuwa amenigeuzia mgongo, na nikamsikia akiuliza taratibu, "Na yule binti yupo karibu? Naomba niongee naye pia."